Kitabu Kisichomalizwa katika Nchi ya Isokoma

Nchi ya Isokoma haina mpaka, na wenyeji wake hujivunia jambo hilo. Mpaka, wao husema, ni mahali nchi inapoishia, na hakuna mtu mwenye akili timamu atakayeijengea nchi yake mwisho. Ndiyo maana Mzee Hoza Shemboza hakujua ni hatua ipi iliyomwingiza huko. Alikuwa akitembea, basi. Akatazama juu akaona jua limesimama mahali pa saa kumi za alasiri, na kivuli chake, kilichokuwa kikiburutwa nyuma yake kama mbuzi mgeni, kimeacha kusogea.

Hakuogopa. Alikuwa mtu wa miaka sabini na minne, fundi mwashi wa Korogwe, aliyejenga nyumba za watu kwa miaka hamsini na kujifunza kusoma katika kisomo cha jioni huku chokaa haijamtoka kuchani. Mtu wa namna hiyo haogopi jua. Isitoshe, alikuwa amealikwa.

Mwaliko wenyewe ulikuwa na kisa chake. Alipofika miaka sabini na miwili, Mzee Hoza aliandika riwaya ya kurasa mia tatu na kumi na mbili, akaiita *Waliokunywa Chemchemi*. Ilihusu kijiji cha milimani ambacho watu wake walikunywa maji ya chemchemi moja, kifo kikawapita kama mgeni aliyekosea nyumba. Siku ya kuizindua, mwalimu mkuu wa shule ya jirani alisimama akalisifu jalada, kisha akausifu unene wa kitabu, kisha akaketi. Gazeti moja likaandika kwamba katika riwaya hii hakuna kinachokufa isipokuwa hamu ya msomaji. Wazee wenzake kwenye benchi la kahawa wakampa jina la Mzee wa Milele, na kila alipopita walimwuliza kama ile chemchemi inauza na maji ya chupa.

Hayo yote aliyameza. Lililomkaa kooni lilikuwa jingine. Kila aliyempa pongezi, Mzee Hoza alimwuliza swali moja tu: ukurasa wa mwisho aliuonaje? Hapo mtu huyo hukumbuka kwamba ameacha chungu jikoni. Hata binti yake Mwanahawa, aliyekula jasho la mwiko wake tangu utotoni, alimwambia kwamba anakisoma polepole ili asiharibu utamu. Miaka miwili ikapita. Mzee Hoza hakutaka tena sifa wala zawadi. Alitaka kiumbe mmoja tu, popote alipo, awe amefika ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili.

Ndipo ilipokuja barua ya Idara ya Masalio ya Isokoma, ikimwita mwandishi wa kitabu kikuu kuliko vyote vilivyopata kuandikwa. Mzee Hoza aliisoma mara tatu. Akavaa koti.

Kwenye lango la mji palikuwa na ubao mkubwa ulioandikwa MCHAKATO UNAENDELEA. Lango lenyewe lilikuwa na bawa moja. Chini ya ubao alisimama mtu mrefu aliyevaa kanzu iliyodariziwa upande mmoja wa shingo, akajitambulisha kuwa ni Bwana Shomvi, Mtunza Masalio Mkuu. Mzee Hoza alimtazama usoni, na hapo, kwa mara ya kwanza, baridi ikampita mgongoni. Si kwamba Bwana Shomvi alikuwa amezeeka. Alikuwa amelika. Alikuwa amelika kama ngazi ya mawe inavyolika katikati kwa nyayo za watu: pua imelainika, kope hazipo, midomo imebaki kama mstari, na vidole vilivyonyooshwa kumpokea mgeni vilikuwa laini kabisa kwenye ncha, bila hata mstari mmoja wa ngozi.

Wakasimama wakitazamana. Mzee Hoza alikuwa akingoja shikamoo yake, kama ilivyo haki ya mwenye mvi. Bwana Shomvi naye akangoja.

"Kijana," akasema Bwana Shomvi mwishowe, "huko kwenu hamfundishwi adabu?"

Ikabainika kwamba Bwana Shomvi alikuwa na miaka mia mbili na arobaini na mmoja, na kwamba katika nchi nzima hapakuwa na mtu mdogo kuliko mgeni. Mzee Hoza, ambaye kwa miaka thelathini hakuwa amemwamkia mtu ila kaburi la baba yake, akainamisha kichwa akatoa shikamoo. Hakujibiwa. Bwana Shomvi aliipokea kwa kufumba macho kidogo, na neno lile likabaki limening'inia hewani kama kamba isiyofungwa popote. Baadaye alielezwa kwamba marahaba hukamilisha salamu, na kwa hiyo sheria imeikataza.

Kwa kuwa sheria kuu ya Isokoma ilikuwa moja: asimalize mtu jambo lolote.

Walipita mitaani, na jicho la fundi likaona yote kabla hajaelezwa. Kila mahali palikuwa na mawe ya msingi, yamesuguliwa yakang'aa, yamechongwa majina ya wakubwa walioyaweka. Juu ya mengi hapakuwa na kitu ila majani. Nyumba zilizosimama zilikuwa nzuri, timazi imenyooka, lakini kila moja ilikosa tofali moja, mara nyingi pembeni juu, chini ya paa. Kupitia tundu hilo upepo ulilia kwa sauti nyembamba, nyumba baada ya nyumba, mtaa mzima ukivuma kama watu wanaopuliza midomo ya chupa. Mikono ya Mzee Hoza iliwasha. Wanawake barazani walisuka mikeka ambayo haikupigwa pindo, ikizidi kurefuka, ikiteremka ngazini, ikivuka njia. Kwenye hoteli kila sahani ilikuwa na tonge moja lililoachwa, na ukutani zilipangwa sahani za miaka mingi zenye matonge yaliyokauka yakawa kama kokoto.

Hata maneno yaliishia njiani. Mzee mmoja alimwonya mwenzake, "Haraka haraka," akanyamaza. Mwenzake akatikisa kichwa kwa huzuni, akajibu, "Mtaka cha mvunguni." Mzee Hoza, aliyezipenda methali kuliko nyama, alihisi kama mtu aliyetaka kupiga chafya ikakwama.

Bwana Shomvi alimpeleka mahakamani, akaona watuhumiwa waliokuwa wakingoja hukumu tangu kabla ya babu yake kuzaliwa. Walikuwa watu wa heshima; wengine wamevalishwa nishani kwa kungoja. Akampeleka kwenye Baraza Kuu, ambako wajumbe walikuwa katika mjadala mkali wenye maneno ya kejeli na vidole vya kunyoosheana. Mzee Hoza aliuliza wanajadili nini. Akaambiwa kwamba hoja iliyo mezani ni kama kikao kifunguliwe au la, na kwamba wanaosema ndiyo wanaelekea kupata nguvu.

Mzee Hoza akauliza sheria hiyo ilitokana na nini, na Bwana Shomvi akamsimulia kwa sauti ya ibada. Zamani palikuwa na fundi aliyejenga nyumba yake mwenyewe. Aliweka tofali la mwisho, akarudi nyuma hatua tatu aitazame, akatabasamu, akaanguka, akafa. Watu waliitazama nyumba, wakamtazama maiti, wakaelewa.

"Alikuwa na umri gani?" akauliza Mzee Hoza.

"Miaka tisini na miwili."

"Alikuwa mzima wa afya?"

"Alikuwa akikohoa damu mwezi mzima," akasema Bwana Shomvi. "Lakini hakufa alipokuwa akikohoa. Alikufa alipomaliza."

Mzee Hoza alifungua kinywa amjibu, kisha akalitazama jua. Lilikuwa pale pale. Aliuliza nalo lilikuwaje, akajibiwa kwamba jua liliwaona wameacha, nalo likaacha. Tangu siku hiyo hajafa mtu. Na hilo, liwe la kijinga namna gani, lilikuwa kweli. Aliwaona kwa macho yake, maelfu ya watu laini kama mawe ya mtoni, wakienda na kurudi chini ya alasiri moja.

Jumba la Masalio lilikuwa kwenye kilima. Humo ndani, katika makabati ya kioo, Mzee Hoza alikuta nakala za kitabu chake. Idara ilikuwa imezikusanya moja moja kutoka katika nyumba za watu wa kwao, namna gani hakuambiwa, na kila moja ilikuwa imefunguliwa pale msomaji alipoishia, na alama yake imeachwa humo humo. Ukurasa wa kumi na mbili: njiti ya kibiriti. Ukurasa wa thelathini na moja: tiketi ya basi. Nakala ya mwalimu mkuu ilikuwa na kurasa ambazo hazijaachana tangu zikatwe kiwandani. Nakala ya mwandishi wa gazeti iliishia ukurasa wa arobaini, na penseli imeandika pembeni: Mungu wangu. Kwenye kabati la mwisho alikiona kibanio cha nywele, cha bluu, kimebana ukurasa wa sitini na moja. Hakuhitaji kuuliza ni cha nani.

"Tumepekua maktaba za ulimwengu," akasema Bwana Shomvi, na sauti yake ililegea kwa mapenzi. "Vitabu vingine vyote vina aibu hii: kuna mtu, mahali fulani, amevimaliza. Chako hapana. Hakuna hata mmoja. Unaelewa umetenda jambo gani, kijana?"

 Hasira na fahari zilikuwa zikishindana kifuani mwa Mzee Hoza kama jogoo wawili ndani ya tenga, na aibu yake kubwa ilikuwa kwamba fahari ilikuwa ikishinda. Kwa kuwa walipotoka nje walimkuta mwuza kashata akikariri ukurasa wa saba wa *Waliokunywa Chemchemi*, na wanawake wa mikeka wakamwitikia kwa ukurasa wa nane. Katika maisha yake hakuwa amewahi kuzisikia sentensi zake zikitoka kinywani mwa mtu mwingine. Ilimbidi ajifanye ameingiwa na vumbi jichoni.

Shauri lilikuwa hili. Jumba lilitaka nakala moja kamilifu, na kwa Isokoma ukamilifu ulimaanisha kwamba karatasi ya mwisho isiwepo. Mwandishi mwenyewe angeichana mbele ya Baraza. Kwa kitendo hicho kitabu kisingemalizwa na mtu yeyote milele, naye angehesabiwa kuwa mwenyeji. Asingekufa. Angekaa katika nyumba yenye tundu moja, akisifiwa kila siku, mpaka pasipo na mpaka.

Mzee Hoza aliomba muda wa kufikiri, jambo lililompa sifa kubwa zaidi, kwa kuwa kufikiri bila kukata shauri ndiyo elimu ya juu ya nchi hiyo. Akapelekwa kupumzika katika nyumba ya Bi Sihaba.

Bi Sihaba alikuwa na umbo la mwanamke wa miaka ishirini na tano, na uso laini kama kijiko cha mti kilichokoroga uji vizazi vinne. Alimkaribisha, akamwekea kigoda. Kisha akageuka kuteka maji, na Mzee Hoza akaona alivyoshika kiuno.

"Usiniangalie hivyo, mjukuu wangu," akasema bila kugeuka. "Ni mimba. Miezi tisa."

"Tangu lini?"

"Tangu jua liliposimama."

Akamweleza yaliyobaki taratibu, huku akiendelea na kazi zake. Uchungu ulikuwa umemshika asubuhi ya siku ile ile fundi alipoanguka. Kufika alasiri wazee walikuwa wamekwisha amua, na wakunga wakaapishwa. Kuzaa ni kumaliza, wakamwambia. Ukimaliza utaanguka, na huyo mtoto abaki na nani? Aliogopa, akajizuia, na uchungu ukasimama njiani pamoja na jua. Tangu hapo hajazaliwa mtoto katika Isokoma. Karani wa Idara hupita kila baada ya muda, huweka sikio tumboni mwake, huandika: inaendelea. Hucheza, akasema Bi Sihaba. Hupiga teke. Wakati mwingine hulia humo ndani, kilio kidogo cha mbali, kama mtu aliyefungiwa kwenye chumba cha pili.

 Mzee Hoza alitega sikio bila kutaka. Upepo ulivuma katika tundu la tofali. Chini yake, au ndani yake, palikuwa na sauti nyingine.

"Nimekisoma kitabu chako," akasema Bi Sihaba.

"Hadi sitini na moja," akajibu Mzee Hoza kwa uchungu.

"Hadi mia tatu na kumi na moja."

Akamwacha mgeni avute pumzi. Walio wengi, akasema, hawavuki sitini na moja kwa kuchoka. Yeye aliishia mia tatu na kumi na moja kwa hofu. Aliweka kidole chini ya karatasi ya mwisho mara nyingi kuliko nyota, akashindwa kuigeuza. Katika nchi nzima hapakuwa na mwisho hata mmoja wa kuonja, mkubwa wala mdogo, isipokuwa huo uliotoka nje. Alitaka kuusikia, usomwe na mwenyewe, sasa hivi, kabla haujachanwa. Asipoanguka, atajua kwamba walidanganywa, naye atazaa.

"Na ukianguka?"

"Basi utakuwa umepata msomaji mmoja kamili," akasema Bi Sihaba. "Si ndicho ulichokuja kukitafuta? Usinifiche, kijana. Huna uso wa kuficha."

 Sasa Mzee Hoza alijua anachopimiwa. Akisoma, uzima wa milele umekwenda, na sifa pamoja nao. Atarudi Korogwe kwenye benchi la kahawa, na huenda nyuma yake ameacha mama aliyekufa na mtoto asiyetoka. Asiposoma, atakaa hapa asikie kurasa sitini na moja zikisifiwa na watu wasio na kope, na nyumba ya pili kile kilio hakitakoma. Alijaribu kujiambia kwamba anafikiri kwa ajili ya Bi Sihaba. Lakini ukweli, na alikuwa mtu wa kujikemea, ni kwamba moyo wake ulikuwa ukidunda kwa jambo dogo zaidi: mtu amefika mia tatu na kumi na moja.

Akaichukua nakala ya Bi Sihaba. Akavaa miwani. Akasoma.

Ukurasa wa mia tatu na kumi na mbili ulikuwa na aya nne. Watu wa kijiji wamekusanyika kwenye chemchemi. Mwanamke aliyekuwa wa kwanza kunywa maji yake anaketi kizingitini, mumewe anamletea mto wa kuegemea. Mzee Hoza alisoma kwa sauti aliyofundishwa na kisomo, kila herufi na haki yake. Akafika sentensi ya mwisho: "Na wakaendelea kuishi, na wanaishi hadi leo."

Akafunga kitabu. Jua halikusogea. Bi Sihaba hakuanguka.

"Endelea," akasema.

"Ndio mwisho huo."

"Huo si mwisho, mjukuu wangu." Alisema kwa upole, kama mtu anayemwonyesha mwenzake doa kwenye kanzu. "Huko ndiko huku tuliko. Kurasa zote hizo nilikuwa nikisubiri uniambie jambo moja, nawe ukazidi kunizungusha kisimani. Yule mwanamke ni nani?"

Mzee Hoza akasema ni mhusika tu. Bi Sihaba akangoja. Watu wa Isokoma wanajua kungoja.

Akasema ni Zaina, mkewe. Akasema amekwisha kufa, miaka tisa sasa. Bi Sihaba akamwuliza alikufaje, na Mzee Hoza akajibu kwamba hajui, hakuwepo. Kisha, kwa kuwa hapakuwa na mahali pa kukimbilia katika nchi isiyo na mpaka, akaeleza.

Ilikuwa Jumatano, hospitalini. Zaina hakuwa amekula siku tatu. Asubuhi akafungua macho akasema anatamani papai, bivu, lenye ubaridi. Mzee Hoza akatoka kulitafuta. Alilipata upesi, hadi gengeni palikuwa hatua mia mbili tu. Lakini njiani kurudi alimkuta fundi mmoja akipiga lipu ukuta wa duka, na lipu ilikuwa mbovu, imejaa mawimbi. Akasimama. Akamwambia. Yule fundi akajibu kwa dharau, na Mzee Hoza akaweka papai juu ya tofali, akavua koti, akachukua mwiko wa mwenzake akamwonyesha. Alipiga ukuta wote. Ilikuwa karibu saa nzima. Na tangu alipoweka papai chini alikuwa akijua, hakumwambia mtu yeyote hili, hata Mwanahawa. Alikuwa akijua kwa nini mkono wake hautaki kuacha. Ukuta ulikuwa rahisi. Kile kitanda hakikuwa rahisi. Aliporudi wodini, muuguzi alikuwa amekwisha mfunga Zaina taya kwa kitambaa. Jirani wa kitanda alimwambia kwamba Zaina aliuliza mara mbili: Hoza amekuja? Mara ya tatu hakuuliza. Mzee Hoza alisimama na lile papai mkononi, hajui pa kuliweka, kisha akamvua Zaina kitambaa cha kichwa, akamlaza nywele vizuri kwa viganja vyenye saruji, na saruji ikamwachia alama nyeupe kwenye paji la uso. Akazikwa nayo. Ndio mwisho wa Zaina binti Kingazi.

Akavua miwani. 

Bi Sihaba alikuwa amefumba macho. Alibaki hivyo hata Mzee Hoza akaanza kuogopa, akainuka nusu kutoka kigodani.

"Na ule ukuta ulinyooka?" akauliza Bi Sihaba.

"Ulinyooka."

"Aa." Akafungua macho. Yalikuwa na maji. "Kitabu chako ni kibaya, Hoza Shemboza. Sikufichi. Kimekosa hilo. Lakini nimekimaliza."

Mzee Hoza alitaka kujibu, akagundua kwamba kivuli cha mguu wa kigoda kimegusa ukingo wa mkeka. Alipoanza kusoma kilikuwa mbali nao. Akakitazama. Kilipanda juu ya mkeka, polepole, kama maji. Nje sauti za mitaani zilikatika zote kwa pamoja. Kisha Bi Sihaba akashika ukuta kwa mikono miwili, akatoa mguno mzito wa mnyama, na uchungu uliosimama kwa miaka mia mbili ukaendelea na safari yake.

Hakukuwa na muda wa kushauriana. Mzee Hoza alikimbia mlangoni akaita wakunga. Walikuja watatu, wakasimama kizingitini wakitetemeka, wakisema kwamba wameapa, na zaidi ya hapo wamesahau. Wa nne, mwanamke mfupi asiye na kucha, aliwasukuma akaingia, akasema yeye mikono yake haijasahau. Mzee Hoza akatolewa nje. Barazani akamkuta Bwana Shomvi, kanzu imemshuka bega, ubao wa kuandikia umebanwa kwapani. Mtaa mzima ulikuwa umesimama. Watu waliyaangalia matumbo ya vivuli vyao yakirefuka, wengine waliruka pembeni kama mtu anayekwepa nyoka. Magharibi palikuwa pekundu. Hakuna aliyepiga kelele. Kilikuwa kile kimya cha watu wanaongoja tawi livunjike.

Bwana Shomvi aliuliza kama mwanamke amemaliza kitabu. Mzee Hoza akakiri. Bwana Shomvi akaandika.

"Bado hajafa," akasema baada ya muda, na katika sauti yake palikuwa na lawama, kama kwamba Bi Sihaba alikuwa akikiuka utaratibu.

"Atakufa."

"Lini?"

"Siku moja," akasema Mzee Hoza. "Kama watu."

Bwana Shomvi aliishika kalamu juu ya ubao, hakujua neno hilo liandikwe katika safu gani. Ndipo kutoka ndani kikaja kilio. Hakikuwa tena kilio cha chumba cha pili. Kilikuwa hapa, kikali, chenye hasira, na kilipokatika ili kuvuta pumzi sauti ya Bi Sihaba ilisikika, imepwaya lakini hai, ikimwuliza mkunga ni nani huyu, ni mwanamume au mwanamke, hebu nimwone.

Mkunga akatoka na mtoto katika kipande cha mkeka. Alikuwa wa kike. Watu walisogea, wakarudi nyuma, wakasogea tena. Hakuna aliyekumbuka jinsi ya kumshika. Mkunga akamweka mikononi mwa Mzee Hoza, kwa kuwa ndiye pekee aliyenyoosha mikono. Bwana Shomvi alikaribia kwa tahadhari. Alimtazama kiumbe yule, mwekundu, amekunjamana, kila kidole na mistari yake, kila kope mahali pake. Uso wake laini ulitikisika kwa jambo ambalo huenda miaka mingi nyuma lingekuwa tabasamu.

"Kitu kama hiki," akauliza kwa sauti ya chini, "hudumu muda gani?"

"Haijulikani," akasema Mzee Hoza, akimfunika mtoto vizuri kwa koti lake. "Ndiyo maana watu humpa jina mapema."